Disertasio haianzi kwenye utangulizi

Mwaka uliopita nilifanya staji yangu ya ualimu Kyavinyonge, ukingoni mwa Ziwa Edouard. Sisi wa Butembo na Beni tunaijua Kyavinyonge kwa tumbo zaidi kuliko kwa macho: samaki wabichi, wa chumvi na wa moshi wanaopanda milima hadi masokoni kwetu hutoka huko. Nilishuka na koti langu la baridi, nikalifungia ndani ya begi siku ya kwanza, nikapewa darasa la tatu la humanités na kazi moja: kuwazoeza vijana kuandika disertasio, maana mwaka unaofuata wangekaa kwenye Mtihani wa Serikali, ule tunaouita wote Exetat.

Niliwapa mada ya kawaida, kuhusu kazi na utajiri. Nilipokusanya karatasi, karibu nusu zilianza kwa sentensi moja, neno kwa neno: tangu kuumbwa kwa ulimwengu, mwanadamu hajaacha kujiuliza maswali. Ilikuwa sentensi ya Kifaransa safi kabisa. Baada yake Kifaransa kilianguka. Zikafuata aya tatu zenye «kwanza», «pili» na «tatu», kila aya ikirudia jambo lililosemwa na aya iliyotangulia, kisha mwisho: kwa kumalizia, tunaona kwamba kazi ni muhimu. Nilisoma karatasi zote usiku ule kwa taa ya simu. Hakuna hata moja iliyosema jambo ambalo mtu angeweza kulikataa.

Kosa halikuwa la vijana. Mimi mwenyewe niliandika hivyo hivyo nilipokuwa na umri wao. Tulipewa tangulizi za kukariri, moja ya mada za maadili, moja ya mada za maendeleo, moja ya mada za vijana, na kwa tangulizi hizo nikapata diploma yangu. Nilipofika chuo kikuu, mwalimu mmoja aliandika pembeni mwa kazi yangu ya kwanza maneno matatu: «Wewe unasema nini?» Nilikaa na karatasi ile siku kadhaa. Sikuwa na jibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza.

Maoni yangu katika makala haya ni kwamba tunawafundisha vijana disertasio kwa kuanzia mwisho. Tunaanza na umbo: utangulizi, mwili, hitimisho. Tungepaswa kuanza na ubishi: jambo ambalo watu wawili wenye akili hawakubaliani, na ambalo kijana ana ushahidi wake mwenyewe. Na ubishi huo uandikwe kwanza kwa lugha anayobishania, yaani Kiswahili, kabla ya kupelekwa kwenye Kifaransa. Sisemi hivyo kwa kuchukia Kifaransa. Nasema kwa sababu nimeona kinachotokea tunapofanya kinyume.

Nilichosikia mwaloni

Kesho yake jioni niliteremka mwaloni. Kijana mmoja wa darasa langu, mmoja wa wale wa «tangu kuumbwa kwa ulimwengu», alikuwa amesimama mbele ya mzee aliyekuwa akishona wavu. Walikuwa wakibishana kuhusu samaki kupungua.

«Papa, hizi nyavu za macho madogo ndizo zinatumaliza,» kijana alisema. «Zinabeba watoto wa tilapia kabla hawajazaa.»

Mzee hakuinua macho. «Mtoto wangu, babu yako alivua hapa na nyavu za kila namna, na samaki walikuwepo. Kilichopotea ni viboko. Kiboko anakula majani nchi kavu, anakuja kunya majini, na samaki anakula kutoka pale. Viboko wameuawa, ziwa limebaki na njaa.»

«Ni kweli viboko wamepungua, Papa, hilo sikatai. Lakini kama shida ingekuwa njaa tu, tungevua samaki wakubwa waliokonda. Sisi tunavua wadogo, na si wakondefu. Wakubwa wameenda wapi?»

Mzee alicheka, akauma uzi kwa meno. «Na mitumbwi je? Umehesabu mitumbwi ya siku hizi?»

Nilibaki nimesimama pale kama mtu aliyeibiwa. Kijana ambaye jana hakuweza kujaza aya moja yenye wazo alikuwa amefanya, kwa dakika mbili, kila kitu kinachodaiwa na disertasio. Alitoa dai. Akatoa sababu. Akaisikia hoja ya mpinzani, akaikubali pale ilipo kweli, akaonyesha mpaka wake kwa ushahidi ambao kila mtu mwaloni angeweza kuuangalia ndani ya kapu. Na hoja ya mzee pia haikuwa hadithi. Viboko wa Virunga walikadiriwa kuwa karibu 30,000 katika miaka ya 1970. Katikati ya miaka ya 2000 walikuwa wamebaki chini ya 1,000. Kwamba mavi ya kiboko hurutubisha maji ni jambo ambalo wanasayansi wa maziwa wanalijua vizuri. Hata swali la mwisho, la mitumbwi, lilikuwa swali la mtu anayejua kwamba tukio moja linaweza kuwa na sababu zaidi ya moja.

Kyavinyonge ni mahali pa ubishi wa namna hiyo. Pamoja na Vitshumbi na Nyakakoma, ni moja ya kambi tatu za uvuvi zinazotambuliwa upande wetu wa ziwa, na iko ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Maana yake, kila siku watu wanajadili mambo mazito: nani ana haki ya kuvua na wapi, kwa nini sehemu ambazo samaki huzalia zimefungwa, kwa nini wavuvi wetu hukamatwa wakivuka kuelekea maji ya Uganda, hifadhi inafaidi nani. Mtoto anayekua katika mazungumzo hayo hakosi hoja. Anachokosa ni mlango wa kuziingiza darasani.

Tulivyofanya darasani

Asubuhi iliyofuata sikurudisha karatasi. Niliandika ubaoni, kwa Kiswahili: «Kwa nini samaki wamepungua katika ziwa letu?» Darasa zima lilianza kusema kwa mara moja. Niliwaacha kidogo, kisha nikaandika maswali manne chini yake:

Unasema nini?
Kwa nini unasema hivyo?
Umeona wapi?
Asiyekubali atasema nini, nawe utamjibu nini?

Kila mmoja aliandika majibu yake kwa Kiswahili, sentensi mbili au tatu kwa kila swali. Sikusahihisha tahajia. Kisha wakakaa wawili wawili, na kazi ya anayesikiliza ilikuwa moja tu: kusema «sikubali, kwa sababu…». Kama hakupata la kukataa, mwandishi alirudi kuandika upya, kwa maana alikuwa hajasema kitu.

Siku mbili baadaye tulianza kupanga. Niliwauliza: tukiwa na hoja ya nyavu, hoja ya viboko na hoja ya mitumbwi, ipi itangulie? Msichana mmoja wa benchi la nyuma, aliyekuwa hajafungua kinywa tangu nifike, alisema tuanze na hoja ya wazee. Nikamuuliza sababu. Akajibu: «Mwalimu, tukiiweka mwisho, msomaji ataondoka nayo.» Hapo ndipo nilipoandika neno «mpango» ubaoni kwa mara ya kwanza. Lile tunalolikariri kama tezi, antitezi na sintezi, yeye alikuwa amelifikia kwa sababu alikuwa na msomaji kichwani na alitaka kumshinda.

Utangulizi tuliuandika mwisho wa yote. Niliwaambia: sasa mnajua mnakokwenda, basi mwonyesheni msomaji njia. Hakuna aliyeanza na kuumbwa kwa ulimwengu. Wengi walianza na kapu la mama zao.

Ni katika juma la tatu tu ndipo tulipochukua insha zile na kuanza kuzijenga upya kwa Kifaransa. Hatukutafsiri neno kwa neno. Tulichukua mpango, hoja na ushahidi, tukauliza: Kifaransa hulisema jambo hili namna gani?

Kwa nini Kiswahili kwanza

Wenzangu wa idara ya Kifaransa watanisamehe nikisema kwamba tunawabebesha vijana mizigo miwili kwa safari moja. Tunataka kijana atafute wazo, na papo hapo atafute neno la Kifaransa la wazo hilo. Akikosa neno, anaacha wazo. Analoshika ni lile ambalo maneno yake tayari anayo, yaani lile alilokariri. Ndiyo sababu karatasi zinafanana.

Sheria yenyewe haitufungi mikono kama tunavyodhani. Katiba ya 2006 inasema Kifaransa ni lugha rasmi, na inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inataka shule za msingi zifundishe kwa lugha za taifa au za mazingira ya mtoto. Katika sekondari Kifaransa ndicho lugha ya kufundishia. Lakini hakuna anayemkataza mwalimu wa Kifaransa kumwacha mwanafunzi apange mawazo yake kwa lugha nyingine kwenye daftari la majaribio. Kyavinyonge mtoto huamka na Kinande nyumbani, hushinda na Kiswahili mwaloni na sokoni, na hukutana na Kifaransa saa moja na nusu asubuhi kwenye benchi. Si ajabu kwamba akili yake huchelewa kufika darasani.

Nitatoa mfano mmoja ambao sisi watu wa lugha tunaweza kuupima. Vijana wote wa darasa lile walikuwa na orodha ya viunganishi: certes, or, en effet, cependant, par conséquent. Waliijua kwa moyo. Lakini katika karatasi za kwanza, «en effet» ilisimama mahali pa «kwa hiyo», «or» ilisimama popote kama pambo, na «certes» haikutumika hata mara moja. Sababu ni rahisi: «certes» ni neno la mtu anayemkubalia mpinzani kidogo kabla ya kumjibu, na katika karatasi zile hakukuwa na mpinzani. Baada ya kuandika mara nyingi «ni kweli kwamba… lakini…», walipokutana na «certes… mais…» walikuwa tayari na mahali pa kuliweka. Vivyo hivyo «en effet» iliwaingia nilipoilinganisha na «maana» yetu, ile inayofuata dai na kuleta sababu. Kiunganishi ni jina la hatua ya fikra, na aliyewahi kuipiga hatua hiyo hulishika jina lake upesi.

Tusisahau pia kwamba insha si mgeni katika Kiswahili. Shaaban Robert alitoa kitabu chake Kielezo cha Insha mwaka 1954, wakati wengi wa babu zetu hawajaona mlango wa sekondari. Nchini Kenya, karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika mtihani wa kumaliza sekondari ni ya insha peke yake. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kijana wa Kyavinyonge anayeweza kujenga hoja kwa Kiswahili cha kuandika atasomeka Kampala, Nairobi na Dar es Salaam.

Lakini niwe mkweli. Walimu wa Kenya nao hulalamikia insha za kukariri, zilizojaa methali na tamathali zilizonunuliwa kwenye vitabu vya mifano. Kwa hiyo Kiswahili peke yake si dawa. Mwanafunzi anaweza kukariri kwa Kiswahili kama anavyokariri kwa Kifaransa. Dawa ni mpinzani: mtu wa kweli, mwenye jina na hoja, ambaye insha inamjibu. Kiswahili ni njia fupi ya kumfikia.

Watakaonikatalia

Kwa kuwa nimewadai vijana wasikilize upande wa pili, nami sina budi kufanya hivyo.

Wa kwanza watasema: Exetat iko kwa Kifaransa, muda ni mfupi, na mzazi amelipa minervali ili mtoto apate diploma. Wana haki. Mtihani huu, ulioanzishwa mwaka 1967, kwa sehemu kubwa ni maswali ya kuchagua jibu. Disertasio hufanywa kabla, katika hors-session, na ni karibu mahali pekee ambapo kijana hudaiwa mawazo yaliyoungana kwa maandishi. Mwalimu mwenye busara atatumia muda wake pale ambapo alama ni nyingi. Ninachojibu ni kwamba majuma mawili ya Kiswahili hayakutupunguzia Kifaransa. Yalitupa kitu cha kusema kwa Kifaransa. Darasa ambalo mwanzoni lilileta nusu ukurasa, mwishoni lilileta ukurasa mmoja na nusu, na sikuwa nimeomba urefu.

Wa pili watasema: wewe ulikuwa mwanafunzi wa staji, una nguvu za siku chache. Mwalimu wa kudumu ana madarasa manne, wanafunzi wanaobanana kwenye benchi moja, na mshahara unaochelewa. Atasahihisha insha lini? Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, na sitaki kuipita juu juu. Hakuna njia ya kufundisha kuandika bila mtu kusoma. Lakini si lazima msomaji awe mwalimu kila mara. Zoezi la «sikubali, kwa sababu…» halihitaji kalamu nyekundu. Mwalimu anaweza kusoma aya moja tu kwa kila mwanafunzi, ile ya mpinzani, maana hapo ndipo kila kitu huonekana. Hata hivyo, nakubali kwamba hilo linapunguza mzigo tu, haliuondoi. Anayedai insha bora kwa walimu ambao hawalipwi vizuri anadai sadaka.

Wa tatu, na hawa ni wengi kitivoni kwetu, watasema: muundo huu wote ni wa Wazungu. Kwa nini tuwafunge vijana wetu katika sehemu tatu za shule ya Kifaransa? Montaigne mwenyewe, aliyeanza kuchapa Essais zake mwaka 1580, hakufuata sehemu tatu. Alitembea na wazo lake kama mtu anayezunguka shambani. Nakubali kwamba kugawa kila jambo katika vipande vitatu vilivyo sawa ni desturi ya shule fulani. Lakini kumsikiliza mpinzani hadi mwisho kabla ya kukata shauri si desturi ya kigeni kwetu. Anayejua kyaghanda, mahali ambapo wazee wa Kinande hukaa na shauri likaletwa mbele yao, anajua kwamba hukumu inayotolewa bila kusikia upande wa pili haikubaliki. Kijana wetu halazimiki kuchagua kati ya disertasio na kyaghanda. Mwambieni kwamba disertasio ni kyaghanda cha mtu mmoja: yeye ndiye mlalamikaji, yeye ndiye mlalamikiwa, na mwisho yeye ndiye mzee anayekata shauri.

Na mimi mwenyewe nina la kujikatalia. Haikufaulu kwa wote. Vijana watatu waliandika vibaya zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu niliwanyang'anya utangulizi wa kukariri na hawakupata haraka cha kuweka mahali pake. Ule utangulizi ulikuwa mkongojo wao. Makosa ya Kifaransa hayakupungua kwa kiasi nilichotumaini. Kwa wengine yaliongezeka, maana walianza kujaribu sentensi ambazo zamani wasingethubutu. Na majuma sita ni machache. Siwezi kuapa kwamba walichojifunza kitadumu hadi siku ya mtihani.

Kwa nini jambo hili si la shule tu

Ningeweza kuishia hapo kama hili lingekuwa suala la alama. Lakini sisi tunaotoka sehemu hizi tuna sababu nyingine.

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Mangina. Ilipanda Beni, ikafika Butembo na Katwa, na hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 watu 2,287 walikuwa wamekufa kati ya wagonjwa 3,470. Tulikuwa vijana wa sekondari wakati huo. Tunakumbuka yaliyosemwa. Watu walisema: tangu mwaka 2014 tunachinjwa Beni, na hatukuona magari haya, leo umekuja ugonjwa mmoja na fedha zimejaa. Walisema: uchaguzi wa Desemba 2018 umeahirishwa kwetu hadi Machi kwa sababu ya Ebola, wakati makanisa na masoko yamejaa watu kila siku. Hayo yalikuwa maswali ya haki, na yalikuwa na ushahidi. Kisha, kwa hatua moja, wengi waliruka kutoka hapo hadi «basi Ebola haipo». Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa.

Sisemi kwamba disertasio ingezuia yale. Hakuna zoezi la darasani lenye nguvu hiyo, na hasira ya watu ilikuwa na mizizi mirefu kuliko ujinga. Lakini ona kilichotokea katika fikra: madai mawili tofauti yaliunganishwa yakawa moja. Dai la kwanza, kwamba fedha na ulinzi haviji pale tunapouawa, lilikuwa na ushahidi mkubwa. Dai la pili, kwamba ugonjwa ni uongo, lilipingwa na makaburi. Walioletwa kutusaidia mara nyingi waliyakataa yote mawili pamoja na kutuita wajinga. Nasi mara nyingi tuliyakubali yote mawili pamoja na kuwaita waongo. Pande zote mbili zilikosa neno moja dogo: ni kweli kwamba hili, lakini lile silo.

Neno hilo ndilo ninalotaka kijana wa miaka 16 alifanyie mazoezi, kwa wino, kabla siku yake ya hatari haijafika. Mdomoni, katika umati, hakuna anayepata nafasi ya kusema «ni kweli… lakini». Kwenye karatasi nafasi ipo. Karatasi haikukatizi.

Ninachoomba

Ninaomba mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wa kitivo chetu.

La kwanza: katika staji zetu, tupimwe kwa insha moja iliyoandikwa mara tatu na wanafunzi, si kwa masomo kumi yaliyotolewa vizuri ubaoni. Msimamizi aone rasimu ya kwanza, aya ya mpinzani, na rasimu ya mwisho. Hapo atajua kama mwanafunzi wa staji amefundisha kuandika au ameeleza tu kuandika ni nini.

La pili: walimu wetu wa didaktiki ya Kifaransa na wale wa Kiswahili wakae pamoja angalau mara moja kwa mwaka, watupangie somo moja la pamoja kuhusu viunganishi vya hoja katika lugha zote mbili, na Kinande kikipatiwa kiti. Leo tunasoma certes ghorofa moja na «ni kweli kwamba» ghorofa nyingine, kama vile ni mambo ya watu wasiojuana.

La tatu ni la jarida hili. Litenge kurasa mbili katika kila toleo kwa insha za vijana wa humanités wa Butembo, Beni, Lubero na pwani ya ziwa. Tusiwape mada za methali. Tuwaulize wanabishana na nani huko kwao, na kuhusu nini. Mtoto wa Kasindi atatuandikia kuhusu mpaka, wa Oicha kuhusu mashamba ambayo watu wanaogopa kuyarudia, wa Butembo kuhusu biashara. Tutasoma mambo ambayo hakuna profesa aliyetufundisha.

Kijana yule wa mwaloni alimaliza disertasio yake ya Kifaransa siku mbili kabla sijaondoka. Ilikuwa na makosa kumi na moja. Niliyahesabu, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Ilianza na mzee anayeshona wavu, ikaeleza hoja ya viboko kwa haki hadi nikadhani ameikubali, kisha ikageuka. Katika hitimisho alisema kwamba yeye na mzee wote wawili walikuwa wamesahau jambo moja, mitumbwi, na kwamba kabla ya kuandika zaidi angependa kwenda kuihesabu. Nilimwuliza kama amempelekea mzee. Akasema amemsomea, kwa Kiswahili, na mzee bado hajakubali.

Nami nangoja majibu ya wasomaji, hasa ya wale wasiokubali.